Woodbridge, uwanja wa ndege majeruhi

Njia ya kurukia ndege ya Woodbridge, Suffolk, Uingereza, ilikuwa na urefu wa mita 2,740 hivi na upana wa mita 230, karibu mara 5 ya upana wa kawaida. Hazikuwa mbwembwe. Ilifunguliwa Novemba 1943 kupokea ndege za Vita vya Pili vya Dunia zinazorudi kutoka vitani injini imezimika, breki hazishiki, tairi limepasuka. Ndege ya hivyo ikigusa ardhi huenda mrama.

Ukungu nao ulitibiwa kwa moto. Mabomba ya petroli yalilazwa kando ya njia, huku na huku. Petroli ilipita kwanza kwenye bomba lililo juu ya mwali, ikageuka mvuke, ndipo ikatokea kwenye vitundu vya bomba la chini na kuwaka. Bomba likiwa bado baridi, petroli iliwaka ingali majimaji, moshi mweusi ukatanda juu ya ukungu uleule. Ghali kupindukia, ila ndege moja ya mabomu aina ya Lancaster ilibeba watu 7.

Julai 13, 1944 ikatua Ju 88, ndege ya kivita ya Wajerumani, imepotea njia! Ndani mna Flensburg, kifaa kilichonasa mawimbi ya Monica, rada ya mkiani mwa ndege za Waingereza wenyewe. Kumbe Monica ilikuwa ikimwonyesha adui njia; ikang'olewa.