Bahari sebuleni, Julai nje

Julai ya Mbeya haina huruma. Usiku nyuzijoto zinashuka chini ya 10, asubuhi mlima Loleza hauonekani kwa ukungu, na huku mtaani kwetu Forest hakuna anayeoga maji ya bomba kwa hiari yake. Sasa mimi sebuleni kwangu nina kiumbe anayetaka maji ya nyuzi 25, usiku na mchana, bila kukosa. Ni mkunga, yule samaki wa bahari mwenye umbo la nyoka.

Wataalamu wanamwita Echidna nebulosa. Ni mweupe, mwili mzima umetapakaa mabaka meusi, na ndani ya mabaka mna vidoa vya njano. Pua zake ni vijibomba viwili vya njano vilivyochomoza mbele ya uso. Kwenye ukoo wao huyu ni mdogo: wengi huishia sentimita 60 au 70, japo wapo wanaokaribia mita, wakati kuna mkunga wa miambani anayefika mita 3. Wako wadogo kuliko wangu pia. Kuna mmoja wa rangi ya dhahabu asiyezidi sentimita 30, ila kwa bei yake unaondoka mnadani na ndama.

Huyu alinaswa kwenye dema la mvuvi wa Kunduchi, akapanda basi kama abiria wengine, zaidi ya kilomita 800, ndani ya mfuko uliojazwa oksijeni na kufungiwa kwenye boksi la kuhifadhia barafu. Alipofika aligoma kula wiki kadhaa. Mikunga wageni ndivyo walivyo, unamwacha tu.

Shangazi alikuja kutoka Tukuyu kututembelea. Nimempa shikamoo, nimempokea ndizi zake, na kabla hajakaa akaona kichwa kimetoka chini ya jiwe, mdomo wazi.

"Mwanangu, huyu nyoka mnalala naye nyumba moja?"

"Ni samaki, shangazi."

"Samaki gani hana magamba?"

"Kambare je, anayo?"

Akacheka, lakini kiti alichochagua kilikuwa cha mbali. Na kuhusu magamba alisema kweli, hana hata moja. Ngozi yake ni tupu, imepakwa ute, ndiyo maana dawa za samaki zenye shaba naziogopa kuzitia humo.

Kinachowatisha wageni ni ule mdomo unaofunguka na kufunga muda wote. Wanadhani anatishia mtu. Anapumua tu. Samaki wengi wana vifuniko vya mashavu vinavyosaidia kusukuma maji. Mkunga ana kitundu kidogo kila upande, basi mdomo ndio unaopiga kazi kutwa kucha. Kama ni kuogopa, waogope kilichojificha kooni. Mwaka 2007 Rita Mehta na Peter Wainwright, watafiti wa Chuo Kikuu cha California kule Davis, walionesha kwamba mkunga ana taya la pili ndani ya koo. Taya hilo linachomoka kuja mbele, linanasa windo, linalivuta ndani. Samaki wengi humeza kwa kufyonza maji pamoja na windo, na kufyonza kunataka kichwa kipanuke. Ndani ya kitundu cha mwamba utakipanulia wapi?

Nikimpa kipande cha ngisi kwa koleo refu (kidole siingizi, haoni vizuri, anafuata harufu) naona alama ya taya hilo. Anakibana kwa meno ya mbele, anatulia kidogo. Halafu kipande kinaanza kuzama chenyewe, bila kutafunwa, shingo inavimba na kunywea, basi. Anakula mara mbili au tatu kwa wiki, ngisi na kamba. Usipa wa Kyela wamejaa sokoni na bei yake ni nafuu, lakini mafuta ya samaki wa ziwani si sawa na ya samaki wa bahari, kwa hiyo usipa tunakula wenyewe na ugali.

Watu wanadhani adui yangu mkubwa huku ni baridi. Hapana. Tangi la lita 400 halipoi haraka. Umeme ukikatika jioni, nalivisha mablanketi na joto linashuka polepole. Kinachoniamsha usiku ni hewa. Mbeya tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na mgandamizo wa hewa hapa ni kama asilimia 80 ya ule wa pwani. Maji yale yale, joto lile lile, yanabeba oksijeni pungufu kwa karibu moja ya tano. Mkunga anayepumua hapa ameanza na deni. Pampu zikisimama, maji yakatulia, anayepumua humo si yeye peke yake: bakteria kwenye chujio, wale wanaogeuza amonia, sumu anayoitoa mwilini, kuwa naitreti, nao wanaitaka hewa hiyo hiyo. Ndiyo maana kabla ya inveta nilinunua pampu ndogo ya hewa ya betri. Hita inaweza kusubiri.

Jambo la chumvi nalo naulizwa kila mara. Mbona chumvi ya Uvinza imejaa madukani? Maji ya bahari yana takriban gramu 35 za chumvi kwa lita, lakini mle mna magnesiamu, kalsiamu, potasiamu na mengineyo, siyo kitu kimoja cha kutia kwenye mboga. Natumia chumvi ya akwariamu inayouzwa kwa ndoo. Miezi hii ya ukavu maji yanapungua haraka, na ninayoongeza ni matupu yaliyochujwa, kwa sababu chumvi haiondoki na mvuke. Inabaki humo ikizidi ukali, nyingine inaganda ukingoni mwa kioo, nyeupe, unaikwangua kwa kucha.

Huwa najiuliza kama ni haki kumweka hapa. Jodari au kolekole nisingethubutu, hao maisha yao ni mwendo. Mkunga ni mtu wa shimo. Nimemtandikia mabomba ya plastiki chini ya mawe, siku nzima yumo, kichwa nje, na naamini hilo halimsumbui. Anachokosa ni kupwa na kujaa. Aina yake huwinda kaa kwenye miamba ya kina kifupi, maji yakipwa anapita kwenye vidimbwi, na wachokoa pweza wa pwani wanamjua vizuri. Mwaka 2021 Mehta na mwenzake mwingine walichapisha utafiti juu ya aina hii hii: walimzoesha kupanda nchi kavu kufuata ngisi, na akammeza huko huko bila kurudi majini. Lile taya la koo halihitaji maji.

Niliposoma habari hiyo niliongeza mawe juu ya kifuniko. Kiumbe anayekula nchi kavu hashindwi kutoka matembezini, na vigae vya nyumba yangu mwezi wa saba si ufuko wa Kunduchi. Tundu la nyaya nalo nimeliziba kwa wavu.

Kuna kijana wa Uyole amemwona, sasa anataka nimwagizie wa kwake. Nimemwambia anunue tangi kwanza, aweke maji na chumvi, aache chujio liive, yaani wale bakteria wazaliane, wiki 4 hadi 6 bila samaki ndani, kisha aje na vipimo vya amonia. Akaniuliza, "Kaka, wiki sita nitakuwa naangalia nini?" Nikamwambia, maji. Hajarudi. Nasikia amekwenda Matema na kurudi na mbuna, samaki wadogo wa Ziwa Nyasa.