Chipu kwenye pindo la sare yangu

Kama unavaa sare ya kazini huku Uingereza, hebu papasa pindo la chini kwa ndani. Ukikuta kitu kama kipande cha utepe, urefu wa kidole, na katikati yake kijipunje kigumu kama mbegu ya ufuta, ujue hiyo ni chipu. Mimi niliivaa miezi minane bila kujua, hadi nilipokatwa pauni 54 kwenye mshahara wangu wa mwisho.

Nilikuwa natunza wazee kwenye nyumba moja ya wazee, Leeds. Kila mtu alipewa blauzi tano. Ukimaliza zamu unaitumbukiza kwenye kapu, gari la kiwanda cha kufulia linabeba, zinarudi safi zimetundikwa. Nilipoacha kazi nilizirudisha zote. Ikaja barua: blauzi tatu hazionekani, na kumbukumbu zinaonyesha mara ya mwisho nilizichukua mimi. Nikabisha, nikaambiwa mashine haidanganyi. Nililia, maana hela ile nilishamwahidi mama Tanga, ya dawa.

Kazi niliyopata baada ya hapo, Mungu naye ana mipango yake, ilikuwa kwenye kiwanda kingine kinachofua nguo za hospitali. Hapo ndipo nilipoelewa.

Chipu hizi hazina betri. Mashine ya kusomea hurusha mawimbi ya redio, huku ni kati ya megahezi 865 na 868, na nguvu ya mawimbi hayo ndiyo inayoiamsha chipu itaje namba yake. Antena yake ni uzi mwembamba wa chuma. Toroli lililojaa nguo linasukumwa kwenye kibanda, na kwa sekunde chache namba zimeingia kwenye kompyuta bila mtu kufungua mfuko. Kisha nguo zinafuliwa kwa maji ya nyuzi 71 kwa dakika zisizopungua 3 ili vijidudu vife, zinakandamizwa hadi rundo linatoka bapa na duara kama mkate wa mofa wenye upana wa meza, halafu zinakaushwa kwa hewa ya moto. Watengenezaji wengi huahidi kuwa chipu itastahimili kufuliwa mara 200. Nauheshimu sana ufundi huo. Dobi wetu wa Ngamiani, kule Tanga, alitia mishono mitatu ya uzi mwekundu ndani ya kola, na kwa alama hiyo akazijua nguo za nyumba yetu miaka yote. Kazi ni ileile.

Ila chipu ina maadui wake. Maji huyameza mawimbi, na chuma huyarudisha yalikotoka. Chipu mbili zikilaliana, moja huizibia nyingine. Siku moja, upande wa nguo chafu, tulifungua mfuko wa nguo mbichi zilizoshindiliwa. Kwa mkono tulihesabu 40. Mashine ilisema 37. Nilisimama pale na glavu zangu mikononi nikazikumbuka blauzi zangu tatu.

Jioni ile nilimwandikia mwajiri wangu wa zamani. Sheria ya ulinzi wa data huku inampa mtu haki ya kuomba taarifa zake, na anayezitunza anatakiwa kujibu ndani ya mwezi mmoja. Zikaja karatasi mbili za namba na tarehe. Blauzi mbili kati ya zile tatu zilikuwa zimesomwa kiwandani, upande wa nguo safi, wiki tatu baada ya mimi kuondoka. Zilikuwapo muda wote huo, na hakuna aliyerudi kuangalia. Nilirudishiwa pauni 36. Ile ya tatu haijaonekana hadi leo.

Wenzetu wengi wanaamini chipu inakufuata hadi nyumbani. Haiwezi, inasomeka kwa mita chache tu, na ndani yake kuna namba, hakuna jina. Jina lako liko kwenye kompyuta ya mwajiri, limefungwa na namba hiyo. Hapo ndipo pa kuuliza: nani anaiona orodha, na inatunzwa muda gani? Mama mmoja wa Bukavu tunayefanya naye kazi alikuwa ameshika mkasi tayari kuikata ya kwake. Nikamwambia, "Mama, usiikate. Ukiikata, nguo haina tena wa kuitetea, na deni linabaki kwako." Akaurudisha mkasi mfukoni, lakini najua hakuridhika.

Siku hizi nikirudisha sare sizitumbukizi kapuni nikaondoka. Juzi karani alitaka kuzitupa zote pamoja kwenye toroli, nikamwomba azisome moja moja mbele yangu. Tatu zililia. Ya nne ilikuwa imeloa mvua, ikakaa kimya. Akaikung'uta, akaitandaza mezani peke yake, akasogeza mashine karibu. Ikalia.