Huyu bwana ana mikono mingapi?

Ukinipa riwaya ya mapenzi iliyopita mikononi mwa watu wengi, naiweka mezani na kuiacha ijifungue yenyewe. Inapofunguka ndipo penye kurasa za faragha: gundi imelegea, pembe zimechafuka. Wasomaji wa Lubumbashi ni watu wa kanisa, lakini kitabu hakitunzi siri ya mtu.

Mimi ndizo kurasa ninazoziruka. Si kwa haya. Haya yangu iliisha nilipoanza kuandika hadithi ya sehemu sehemu na kuwatumia kina mama wa likelemba yetu (kikundi cha kuchangishana pesa na kupokea kwa zamu) kwenye simu. Naziruka kwa sababu mara nyingi hadithi husimama hapo. Watu wawili waliokuwa wakigombana, wakifichana mambo, wakivutana kwa ajili ya mahari, wanaingia chumbani na kugeuka viungo tu: shingo, kifua, kiuno, pumzi. Wakitoka, ugomvi unaendelea palepale walipouacha. Chana kurasa zile nne, hutaona pengo.

Mdogo wangu (binti wa mama mdogo, ila kwetu huyo ni mdogo wangu, basi) ana namna yake ya kuzisoma. Huhesabu. Juzi alikuwa na kitabu kisicho na jalada, kimoja cha vile vinavyotandazwa chini katikati ya mji, akainua kichwa, akaniita yaya, yaani dada mkubwa: “Yaya, uyu bwana eko na mikono ngapi?” Tukarudi nyuma pamoja. Mkono wa kulia uko shavuni mwa msichana, wa kushoto uko kiunoni, halafu bwana anazima taa. Na swichi, tumeshaambiwa, iko mlangoni. Tulicheka mpaka jirani akauliza kuna nini. Tukamwambia ni hesabu.

Wala tusidhani huu ni ugonjwa wa vitabu vya bei ya chini. Kule Uingereza jarida la Literary Review lilianzisha mwaka 1993 tuzo ya kejeli kwa ukurasa mbaya kuliko yote wa kitandani katika riwaya za mwaka, na katika walioipata wamo waandishi wenye majina makubwa. Mwaka 2020 haikutolewa. Waamuzi walisema watu walikuwa wameshapatwa na mabaya ya kutosha mwaka ule.

Ukurasa ninaourudia mimi umo katika Biblia, sura ya 5 ya Wimbo Ulio Bora. Mwanamke amelala, moyo wake u macho. Mpenzi anabisha hodi, nywele zimelowa umande wa usiku. Yeye analeta visababu: nguo nimeshavua, miguu nimeshanawa, niichafue tena? Mwanamume anapitisha mkono penye tundu la mlango. Hapo ndipo mwanamke anapoinuka, vidole vyake vinadondosha manemane juu ya vipini vya komeo, anafungua, na mwenzake ameshakwenda. Anatoka kumtafuta mjini, walinzi wanampiga. Hawajagusana hata kidole, lakini nani amewahi kuiruka sura hiyo? Ucheleweshaji mdogo, wa miguu tu, umeleta msiba. Baada ya mlango kufunguliwa, hakuna kinachobaki kama kilivyokuwa.

Mwana Kupona naye, katika utendi aliomtungia binti yake mwaka 1858, hakuona aibu kutaja mwili: mume akilala, mke amsogelee, ampapase, ampepee. Shairi ni tamu, lakini kwa riwaya lina shida moja: anayepepewa amelala. Mimi nahitaji wawili walio macho.

Vitabu vya Kifaransa tulivyokulia navyo, vile vya Harlequin, vina daktari tajiri na nyumba yenye vyumba vya kuchagua. Wachapishaji wa Abidjan walituokoa kidogo mwaka 1998 walipoanzisha Adoras, mfululizo wa riwaya za mapenzi ya miji ya Afrika. Hata hivyo kila nikikaa kuandika, swali langu la kwanza si wanapendana vipi. Ni wapi.

Maana wapi? Union Minière, kampuni ya migodi ya wakati wa ukoloni, ilipoamua katika miaka ya 1920 kwamba mfanyakazi aje na mkewe, ilijenga nyumba za kambi kwa hesabu ya mume, mke na watoto. Leo katika nyumba kama hizo utamkuta bibi, shemeji, wajukuu na mpangaji. Huku kwetu lupango mmoja, yaani ua mmoja wa nyumba, una kaya kadhaa na choo kimoja. Ukuta haufiki kwenye mabati, na ukikohoa usiku, asubuhi unapewa pole. Nikiwafungia wapenzi wangu mlango kwa ufunguo, msomaji wa mtaa wa Katuba anauliza kwanza: wale wengine wamelala wapi?

Zamani hilo lilinikera. Sasa naona ndilo linaloniandikia hadithi. Katika sehemu niliyoimaliza juzi, fundi wa pikipiki amekuja kutengeneza chombo cha mjomba. Jioni umeme umekatika, anakaribishwa bukari, ugali wetu. Binti wa nyumba analeta birika na beseni. Watu wote wapo: bibi kando ya mbabula, jiko la makaa, anageuza makala, mjomba anasimulia bei ya vipuri. Fundi ananyoosha mikono, imejaa grisi. Binti anamimina, anampa sabuni, anamimina tena. Grisi imetoka, anayeona anaona, lakini binti anasema “bado” na kuendelea kumimina, polepole, maji yakipita kwenye viganja na kushukia vifundoni. Fundi hasemi kitu. Hatoi mikono. Maji yanakwisha kwenye birika, mjomba anauliza kama bukari italiwa leo au kesho, na bibi, ambaye hajainua macho, anasema: “Muongezee. Bado anaona iko chafu.”

Nilikuwa nimeandika kwamba moyo wa binti ulimdunda. Nikaifuta. Bibi ameshasema. Mdogo wangu alisoma, akahesabu mikono ya wale wawili kwa vidole: “Mine, yaya. Inatosha.”

Kuna jambo jingine ambalo kwangu halipiti. Riwaya nyingi zina bwana anayeshika kwanza, msichana anasema hapana, halafu mwandishi anakuja mbio kutuambia alimaanisha ndiyo. Nani alimtuma? Fundi wangu atauliza. Na ninavyomjua yule binti, atamfanya aulize mara ya pili, kwa sababu ameipenda sauti ya swali. Wanaosema kuuliza kunaua joto hawajawahi kuulizwa vizuri.

Sehemu inayokuja nataka mvua. Mvua ya masika juu ya mabati ndiyo chumba pekee walicho nacho maskini wa mji huu: ikipiga sawasawa, unaweza kusema jambo lako lote na aliye nyuma ya ukuta asisikie. Basi wawili hawa watakwama chini ya kibaraza, bega kwa bega, na kwa mara ya kwanza wataweza kuongea kwa sauti. Nilidhani watasema wanapendana. Nilipoanza kuandika, fundi akasema kitu kingine: amepata kazi Kolwezi, kilomita kama 300 kutoka hapa, anaondoka mwisho wa mwezi, na alijua tangu siku ile ya birika. Binti ameondoa bega. Mvua bado inanyesha, hana pa kwenda, na mimi sijui atamjibu nini.

Jana mama mmoja wa likelemba, mkubwa wetu, alinipigia simu badala ya kuandika. “Weye mama, bale bana utabafungisha ndoa lini?” Nikamwambia, mama, wana jambo la kumaliza kwanza. Akasema kama ni pesa, zamu yake ya likelemba inakuja mwezi huu.