Mota ya waipa iliniangusha, mkono wa dishi ukanifaa

Hapa nyumbani Nyamasaria nina paneli mbili za wati 150 zinazoendesha pampu ya kumwagilia sukuma. Ikifika saa tisa alasiri maji yalikuwa yanadondoka tu, na jua bado linachoma. Nikaamua paneli zilifuate.

Sisi wa Kisumu ikweta ni jirani yetu, kwa hiyo ekseli moja iliyolazwa kaskazini hadi kusini inatosha. Na jua halina haraka: nyuzi 15 kwa saa.

Kosa langu ni kununua mota kabla ya kupima chochote. Fundi wa magari kule Kondele alinitolea mota ya waipa ya volti 12. "Omera, hii inasukuma mvua Nairobi mpaka Busia, itashindwa na sola mbili?" Nguvu ilikuwa nayo, sikatai. Lakini ilizunguka kama mara 45 kwa dakika, yaani nyuzi 270 kila sekunde. Nikaipunguza kwa cheni ya baiskeli, bado paneli ziliruka kama mbuzi. Wiki ya tatu ukaja upepo wa jioni na mvua yake, fremu ikapepesuka, nikasikia krrr. Kufungua, gia ya plastiki haina meno.

Ndipo nikaazima mizani ya kuning'iniza kwa muuza samaki, nikavuta ukingo wa fremu. Kilo 14! Ekseli ilipita mbali na kitovu cha uzito. Nikasogeza beringi mpaka fremu ikawa inatulia popote ninapoiacha, nikavuta tena: kilo 2. Kumbe mota yangu ilikuwa inabeba kosa la kuchomelea. Aliyebaki ni upepo, na huyo dawa yake ni kitu kisichokubali kurudishwa nyuma.

Jirani alikuwa na lile dishi kubwa la zamani la TV, limeota kutu, na mkono wake wa kuligeuza, unaorefuka inchi 18, bado mzima. Ndani, mota inazungusha parafujo ndefu. Ukikata umeme parafujo hukaa palepale, hata usukume kwa bega. Umeandikwa volti 36, nikasita. Kumbe ukipewa 12 unatambaa kwa takriban thuluthi ya kasi yake, na mimi kasi ya nini? Swichi za kuusimamisha mwisho wa safari zimo ndani tayari.

Nimeufunga sentimita 30 kutoka kwenye ekseli. Kwenda nyuzi 45 kila upande unahitaji kama sentimita 42, na inchi 18 ni karibu 46. Kipima muda na rilei mbili (swichi zinazowashwa kwa umeme) huusogeza nyuzi 5 kila dakika 20. Vihisi vya mwanga nilivikataa, wingu likipita vinababaika.

Siku hizi pampu inasukuma hadi karibu saa kumi na moja. Mpira wa kuzuia maji kwenye mkono umeanza kupasuka, nimeuvisha tyubu ya baiskeli.