Antivairasi ikilalamikia Wi-Fi ya nyumbani: lipi onyo, lipi biashara

"Mtandao wako uko hatarini!" ni maneno yasiyopimika. "Ruta 192.168.1.1 bado ina nywila ya kiwandani" yanapimika kwa dakika mbili: ruta ndicho kifaa kinachogawa Wi-Fi nyumbani, na namba hizo ni anwani yake. Antivairasi inayofanya kazi yake hutaja kitu: anwani, poti (mlango wa mawasiliano), aina ya ulinzi, kifaa fulani. Tangazo hutaja hofu, halafu bei.

Kwa hiyo kabla hujagusa ruta, jua kwanza nani anasema. Kiboksi kinachochomoza kona ya chini kulia ya kompyuta mara nyingi si antivairasi kabisa, ni arifa ya kivinjari. Mtu alifungua tovuti ya kutazama Simba na Yanga bure, ikamtaka abofye "Ruhusu" ili video ianze, akabofya. Tangu siku hiyo anatumiwa nembo za antivairasi ambayo hata hajaisakinisha. Soma maandishi madogo ndani ya kiboksi: ukiona jina la tovuti, hiyo ni arifa tu. Katika Chrome ingia Mipangilio, Faragha na usalama, Mipangilio ya tovuti, Arifa, ufute kila usichokitambua.

Ukurasa wa tovuti hauna namna ya kujua kama Wi-Fi yako inatumia WPA2 (aina ya ulinzi wa Wi-Fi), wala kuhesabu virusi vyako. Ukurasa unachokiona ni anwani yako ya IP (namba inayokutambulisha mtandaoni), na kwa anwani hiyo unaweza kukisia jiji na kampuni inayokuuzia intaneti. Ndiyo maana onyo la uongo huandika "Dar es Salaam" kwa herufi nyekundu, mtu wa Tabata akadhani ameshaonekana mpaka chumbani. Likiwa na namba ya simu ya kupiga, ni utapeli, usijadiliane nalo. Usibofye hata alama ya kufungia iliyochorwa ndani ya ukurasa. Funga kichupo chenyewe, au bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja kufungua Task Manager, uzime kivinjari humo.

Njia ya uhakika ni kufungua antivairasi mwenyewe kutoka kwenye ikoni yake na kuangalia sehemu ya ukaguzi wa mtandao. Onyo halisi litakuwepo humo, likiwa na jina la kifaa.

Sasa tuseme lipo. Maonyo yanayohusu ulinzi wa mawimbi ndiyo rahisi kuyahakiki. Kwenye Windows fungua Command Prompt, andika netsh wlan show interfaces, usome mistari ya Authentication na Cipher. (Windows 11 za karibuni zitakutaka kwanza uwashe huduma ya mahali, usishtuke.) WPA2-Personal na CCMP (ambayo ruta huiita AES) ni sawa, WPA3, iliyoanza 2018, ni bora zaidi. Ukiona WEP, onyo ni la kweli bila mjadala, kwani ulinzi huo ulivunjwa tangu 2001. Ukiona TKIP, njia ya zamani ya kusimba, pia ni la kweli, na ndiyo sababu iPhone huandika kwamba usalama wa Wi-Fi yako ni dhaifu. Ingia kwenye ruta, toa WPA/WPA2 mchanganyiko, weka WPA2-PSK yenye AES peke yake. Nywila ikibaki ileile, simu zitarudi zenyewe. Kitakachogoma ni printa au televisheni ya zamani sana.

Onyo la nywila dhaifu ya ruta huwa la kweli mara nyingi kuliko watu wanavyotaka kukubali. Zipo nywila mbili, na wengi wanaijua moja tu. Ya Wi-Fi ndiyo unayowapa wageni. Ya usimamizi ndiyo inayofungua mipangilio, na fundi akishafunga laini huiacha jina likiwa admin na nywila admin, akaondoka. Katika nyumba ya kupanga Sinza au Mbagala, ambako familia tano zinachangia ruta moja, yeyote mwenye nywila ya kwanza anaweza kujaribu ya pili. Anwani ya kuingilia utaiona kwa kuandika ipconfig kwenye Command Prompt, mstari wa Default Gateway. Ruta nyingi za Huawei zinazotumia laini ya simu huwa na 192.168.8.1, na za faiba 192.168.100.1. Kwenye faiba kuna kikwazo kimoja: kampuni inaweza kukupa akaunti ndogo na kubaki na ile kubwa. Hapo antivairasi italia kila wiki juu ya kitu usichoweza kukibadilisha, na dawa yake ni kupiga simu kwa kampuni.

Onyo la DNS, huduma inayogeuza jina la tovuti kuwa namba ya seva yake, ndilo linalotaka utulivu zaidi. DNS ikitekwa, unaandika anwani sahihi ya benki na unapelekwa kwingine. Si hadithi: virusi vya DNSChanger vilifanya hivyo kwa kompyuta nyingi duniani, mpaka seva zake, ambazo FBI ilikuwa imezichukua, zikazimwa tarehe 9 Julai 2012. Lakini hapa kwetu onyo hili lina vyanzo viwili visivyo na mwizi. Cha kwanza, kifurushi kimeisha. Baadhi ya mitandao humpeleka mteja kwenye ukurasa wa kununua kifurushi kila anachofungua, na kwa antivairasi hilo linafanana kabisa na utekaji. Nunua kifurushi, kagua tena. Cha pili ni saa. Kompyuta ya mezani yenye betri ya CR2032 (ile ndogo ya duara inayotunza saa) iliyokufa, umeme ukikatika tu, huamka ikiwa miaka mingi nyuma. Vyeti vyote vya tovuti (uthibitisho kwamba tovuti ni yenyewe) vinaonekana havifai, na maonyo yanamiminika. Tazama tarehe kabla ya kumtuhumu jirani. Vikipita hivyo viwili, fungua ruta uangalie namba za DNS. Za kampuni yako, 8.8.8.8 au 1.1.1.1 ni za kawaida. Namba ngeni ambayo wewe wala kampuni hamkuiweka ni tatizo la kweli: ifute, kisha ubadilishe nywila ya usimamizi papo hapo.

Ukibofya alama iliyo kando ya anwani ya tovuti na kukuta cheti chake kimetolewa na antivairasi yako, usihangaike. Ni yenyewe inakagua mawasiliano yaliyosimbwa.

Lipo onyo linalotaja DnsMasq. Hii ni programu ndogo ndani ya ruta nyingi. Kasoro zake kubwa zilizibwa katika toleo la 2.78 mwaka 2017, na nyingine katika 2.83 mwezi Januari 2021. Kwa kawaida antivairasi huuliza ruta namba ya toleo. Unaweza kuuliza mwenyewe kwenye Command Prompt, ukiweka anwani ya ruta yako mwishoni:

nslookup -type=txt -class=chaos version.bind 192.168.1.1

Tatizo ni kwamba watengenezaji wengine huziba kasoro bila kubadilisha namba hiyo, hivyo onyo laweza kuwa la kizamani. Tafuta tarehe ya toleo la programu ya ruta. Ikiwa ni ya kabla ya kasoro inayotajwa kuzibwa (2017 au 2021) na hakuna sasisho jipya, liamini, ununue ruta nyingine.

"Kifaa kipya kimeingia" kwa kawaida ni simu yako mwenyewe. Android tangu toleo la 10 na iPhone tangu iOS 14 hutumia anwani za MAC (namba ya utambulisho ya kifaa kwenye Wi-Fi) za kubuni. Tazama herufi ya pili ya anwani hiyo: ikiwa 2, 6, A au E, ni ya kubuni. Vivyo hivyo onyo la kuingiliwa kwa ARP, utaratibu unaooanisha anwani za IP na za MAC: ukiwa na kifaa cha kurefusha mawimbi, vifaa vilivyo nyuma yake vinaweza kuonekana na MAC moja katika orodha ya amri arp -a. La kuogopesha ni MAC ya ruta kufanana na ya simu au kompyuta ya mtu.

Kuhusu "ruta yako inafikika kutoka nje", angalia kwenye ruta IP ya WAN, yaani anwani inayopewa na kampuni. Ikianzia 100.64 hadi 100.127, uko nyuma ya anwani ya pamoja ya kampuni, na kwa kawaida mtu wa mtandaoni hawezi kukubishia moja kwa moja. WPS, njia ya kuunganisha kifaa kwa kitufe au PIN badala ya nywila, izime tu: PIN yake ya tarakimu 8 hukaguliwa nusu kwa nusu, kwa hiyo majaribio 11,000 yanatosha kuimaliza.

Ukiamua kurudisha ruta kiwandani kwa kubonyeza kitundu cha nyuma sekunde 10, piga picha kwanza kurasa za WAN: jina la PPPoE (akaunti ambayo ruta hutumia kuingia kwa kampuni) na namba ya VLAN (inayotenga mawasiliano ya kampuni). Nywila ya PPPoE huwa imefichwa, iombe kwa kampuni kabla ya kubonyeza. Kwenye faiba vikipotea hivyo, hakuna intaneti mpaka fundi arudi, na fundi wa Ijumaa jioni huja Jumatatu.