Jiwe la kuanikia omena

Wageni wakija kisiwani Rusinga hupanda miamba kupiga picha ya Ziwa Victoria. Sisi tunaanikia omena, dagaa wa ziwa hili. Ukiona jiwe pana linalopigwa na jua tangu asubuhi, ujue lina mwenyewe, na ukimwaga karai lako pale bila kuuliza utaambiwa maneno.

Siku za giza wavuvi hutoka jioni na taa. Zamani zilikuwa karabai, sasa wengi wana za sola. Omena hufuata mwanga, wavu unawazingira. Mbalamwezi ikiwaka hapana kitu, watu hushona nyavu na kudaiana. Kuanzia Aprili hadi Julai uvuvi wa omena hufungwa ili wazaliane, na hapo madeni ndiyo hunoga.

Boti zikifika alfajiri tunaingia majini hadi magotini kugombania karai la kwanza. Wenye haraka huanika mchangani. Mimi siwezi: mnunuzi akitafuna mmoja na meno yakasaga mchanga, bei imeshuka papo hapo. Natandika wavu kuukuu juu ya jiwe, nawatawanya kwa vidole wasilaliane. Jua likiwa kali, kufikia alasiri mgongo unang'aa fedha na ukimvunja mmoja unasikia "kach". Mvua ikiwawahi wanakuwa kahawia na kunuka, na anayebaki kuwataka ni mtu wa chakula cha kuku.

Kutwa nzima ni kulinda. Yangeyange wanajisogeza kidogo kidogo kana kwamba wanapita tu. Kenge naye hutoka kwenye nyufa bila hodi. Chini, mawe yanapoingia majini, kuna wanaofua, wanaosugua sufuria, na watoto wanaooga. Konokono wa kichocho wamo humo, kila mtu anajua. Watoto humezeshwa vidonge shuleni, jioni wamerudi majini. Utawakataza vipi na wewe mwenyewe umesimama humo humo?

Jiwe langu la kwanza lilizama mwaka 2020 ziwa lilipofurika. Hili la sasa alinipa shemeji, na hachoki kunikumbusha.

Jioni tunapima kwa gorogoro, mkebe wa kupimia. Mnunuzi wa kutoka Kisumu hutaka ijae hadi imwagike. Mimi nasawazisha kwa kiganja. Akinuna anahamia jiwe la pili. Huko nako atasawazishiwa vilevile, kwa sababu tulishaelewana mapema.