Kifumbu

Mwaka 2019, kliniki moja hapa Tanga, nilipewa majibu mawili kwa mpigo. Wingi wa virusi vya UKIMWI: chini ya 50. CD4, yaani askari wa kinga ya mwili: 138, bado wachache. Nilikuwa nimetimiza miaka mitatu kwenye dawa, sijaruka dozi hata siku moja, na mwaka wa nyuma CD4 zilikuwa 121. Lile jibu zuri, la virusi, hata sikulisikia. Machozi yalinitoka pale pale kwenye benchi.

Nesi, mama wa makamo, aliniacha nilie kidogo. Kisha akauliza, "Choo unapataje, mwanangu?"

Nikainama. Nilikuwa naharisha mara nne, tano kwa siku, miezi na miezi, nikijiambia ndiyo hali yetu. Sikuwahi kumwambia mtu. Kuhara kuna aibu yake, hasa ukiwa umepanga chumba Ngamiani na choo ni kimoja nyumba nzima.

"Si unauza wali wa nazi wewe? Kifumbu kikitoboka?"

"Machicha yanaingia kwenye tui, mama."

"Basi." Akaniambia askari wengi wa mwili makao yao ni utumboni, na virusi huwamaliza huko wiki za mwanzo kabisa, mtu hajajua hata kama ameambukizwa. Ukuta wa utumbo unabaki umelegea, takataka za bakteria zinapenya kwenye damu, mwili unakesha vitani. Dawa zinafubaza virusi. Kifumbu kinashonwa polepole, na kwa wengine hakirudi kama kilivyokuwa. "Hukujitesa bure. Bila vidonge hivi, hata hizo 138 usingekuwa nazo."

Mtindi je? Nilikuwa nimesikia watu wakiusifu. Kunywa, akasema, ni chakula kizuri, ila maziwa yawe yamechemshwa. Tiba ni kile kidonge cha kila usiku.

Akanituma maabara na kikopo cha choo. Ikaonekana giardia, vijidudu vya maji machafu. Nikapewa flajili, na kuanzia siku ile sinywi maji yasiyochemshwa, hata nikiwa na kiu ya kufa sokoni. Kuhara kukakata.

Mwaka uliofuata CD4 zilifika 187. Nikamwekea kadi mezani nikitabasamu. Aliisoma, akavua miwani.

"Vizuri. Na choo?"